Elfu Kumi Mia Nne na Tatu

Kila jioni Kasi na binamu yake walifanya kazi za shule kwenye meza ambayo mama yake Kasi, fundi cherehani, alikatia vitambaa. Tangu binamu ahamie kwao, wasichana hao walikuwa paka na panya. Kasi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa humaliza wa kwanza, alimwita mwenzake Kobe. Kobe hakumwita lolote. Alimsukumia kiwiko tu.

Sasa uadui ulipata sababu mpya. Timu ya hisabati ilibakiwa na nafasi moja, na mwalimu aliwapa wote wawili namba 10,403. Je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe?

Njia waliijua. Unaigawanya kwa namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine: mbili, tatu, tano, saba, na kuendelea. Unaacha tu ukifika kwenye ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe, jibu linaipita namba yako. Zote zikiacha baki, namba ni tasa.

Kasi alipofika tisini na saba, alichoka. "Jitu hili haligawanyiki," alisema akifunga daftari. "Kobe, bado unatambaa?"

"Nyamaza, nahesabu."

"Hesabu mpaka uote mvi!"

"Umemaliza kweli, mwanangu?" mama aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

Asubuhi darasani Kasi alisimama wa kwanza. "Ni tasa, mwalimu."

"Umezijaribu zote? Hata mia moja na moja?"

Kasi alipiga hesabu haraka kichwani. Mia moja na moja mara yenyewe ni 10,201, kwa hiyo ilipaswa kujaribiwa. Angeweza kusema hapana, lakini Kobe alikuwa akimtazama kwa kebehi.

"Nimeijaribu. Ilibaki mbili."

Mwalimu alimpa Kobe chaki. Kobe aliandika ubaoni: 101 × 103 = 10,403. Hakukuwa na baki.

"Ilibaki mbili!" darasa zima lilimzomea Kasi. "Ilibaki mbili!"

Mwalimu aliwanyamazisha. "Kosa la hesabu ningekusamehe. Hiyo mbili uliitoa wapi?"

"Niliitunga, mwalimu," Kasi alisema, akitamani ardhi immeze.

Nafasi ilikwenda kwa Kobe. Kasi aliambiwa kwamba akitaka kuwa mchezaji wa akiba, aichunguze 10,301.

Nyumbani alimsimulia mama yote huku akilia kwa hasira. Mama hakusimamisha cherehani. "Njia ya mwongo ni fupi. Nisipofunga uzi mwisho wa upindo, nguo inafumuka mteja akiwa mbele za watu. Kazi imalize, mwanangu. Ukishindwa, sema umeshindwa."

Kasi alifuta machozi, akaanza na mbili. Safari hii hakuruka hata moja. Mia moja na moja iliacha baki ya mia.

"Ni tasa," alisema.

Kobe alivuta karatasi tupu, akaanza kuigawanya upya kwa mbili.

"Huniamini?"

"Sikuamini."

Kasi alimgeukia mama, lakini mama alitikisa kichwa. "Mwache. Uongo wa mara moja hufanya hata ukweli wako ukaguliwe. Vumilia hadi aache mwenyewe kukukagua."

Kasi alivumilia. Alikaa akingoja huku Kobe akitambaa namba kwa namba, mpaka kalamu ilipowekwa chini.

"Imebaki mia," Kobe alisema, bila kutabasamu.