Mali ya Serikali Haichanwi

Fundi huyu wa matofali alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini nani alilikumbuka? Mtaa mzima ulimwita Najua. Ukimwambia mvua inakuja, "Najua." Ukimwambia shati umelivaa nje ndani, "Najua, nimependa mwenyewe." Alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Kufundishwa tu ndiko hakutaka.

Kila asubuhi alikanyaga udongo kwa miguu, akafyatua matofali, akayapanga uani yakauke. Mkewe alisaidia kuchota maji, kisha akaenda zahanati, alikofanya kazi ya usafi. Mabinti wao wawili waliyafunika matofali kwa nyasi kabla ya kwenda shule. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mlima, na mlima ulikuwa kipara. Mvua ikinyesha, tope lote lilishuka mpaka uani. Msimu ule peke yake, mara tatu liliyazoa matofali mabichi.

"Mlima ungekuwa na miti, haya yasingetupata," alisema mkewe.

"Najua," alijibu Najua, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Maana miti ile nani aliimaliza? Miaka kumi na mitano aliikata kuchomea tanuri zake. Hakuikata peke yake, lakini yeye ndiye aliyetajwa. Dukani walimwita kinyozi wa mlima. Hata mabinti zake walitaniwa hivyo shuleni, na hilo lilimuuma kuliko hasara ya matofali.

Mwaka huo serikali ikatenga fedha za maendeleo kwa ajili ya mlima. Kikajengwa kitalu cha miche, likajengwa tangi la maji, ikachongwa barabara ya kupandia. Kila familia iliyojiandikisha ilipewa kipande cha mlima na miche mia mbili. Mwaka ukiisha, wakaguzi wangekuja kuhesabu. Miche mingi ikiwa hai, familia itakabidhiwa kipande chake kwa mkataba mrefu na kugawana mavuno na serikali. Mingi ikifa, kipande watapewa wengine.

Najua alikuwa wa kwanza kujiandikisha. "Nipeni kipande cha mbele," alisema, "kile kinachoonekana na kila mpita njia. Nilichonyoa, nitakiotesha."

Afisa misitu, mama mmoja wa makamo ambaye watu walimwita bibi misitu, alitangaza mafunzo siku ya Jumamosi.

"Usiache kwenda, baba watoto," mkewe alimsihi. "Mimi nina zamu."

"Mafunzo ya nini? Unachimba shimo, unatia mti, unafukia. Najua."

Akaenda zake tanurini.

Miche ilipokuja, kila mmoja ulikuwa ndani ya kiriba, yaani kifuko cheusi cha plastiki chenye udongo. Juu ya kila kiriba kulikuwa na maandishi meupe: MALI YA SERIKALI. Siku ya kupanda, mkewe alitoa wembe.

"Hiki kifuko si tunakichana kwanza?"

"We! Huoni maandishi? Mali ya serikali haichanwi! Unataka tukalale ndani?"

"Sasa mizizi itapitia wapi?"

"Serikali ina wataalamu, mke wangu. Wameshapiga hesabu."

Haya. Wakapanda miche yote mia mbili na viriba vyake, kwa mistari iliyonyooka kama kuta za fundi mzuri. Kwa macho, hakuna kipande kilichopendeza kuliko chao.

Miezi miwili ikapita. Miche ya majirani ilitoa majani mapya. Ya Najua ikawa ya njano. Akaongeza maji, wapi! Akatia samadi, wapi! Miche thelathini ikakauka kabisa. Wapita njia wakacheka: "Kinyozi amerudi kazini."

Najua hakula vizuri wiki nzima. Mkewe alipoona hivyo hakumwomba ruhusa. Alimwita jirani yao, dada aliyefanya kazi kitaluni. Dada yule alipanda mlimani, akainama, akang'oa mche mmoja. Ukatoka na kiriba chake kizima. Ndani, mizizi ilikuwa imejizungusha ikajinyonga.

"Shemeji," alisema, "nani alikwambia upande na kiriba?"

"Si mali ya serikali?"

Dada wa kitalu alicheka mpaka akakaa chini. Alipofuta machozi, alimwona Najua hacheki, naye akaacha.

"Nisamehe, shemeji. Yale maandishi tuliyaweka kwa sababu viriba vilikuwa vinaibwa kabla ya kujazwa udongo. Lakini kiriba ni kama nepi. Mtoto akishakua, utamwacha nayo?"

"Basi mali ya serikali ni ipi?"

"Sikiliza. Nyumbani kwako kuna pesa ya chumvi na sabuni. Leo unanunua, kesho imekwisha. Halafu kuna pesa ya bati. Ukiezeka, unakaa chini yake miaka na watoto wako. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na serikali ni vivyo hivyo. Ina pesa ya mafuta ya gari na karatasi za ofisi. Hiyo inaliwa mwaka huohuo. Na ina pesa ya maendeleo, ya vitu vya kubaki: barabara, tangi, msitu. Msitu ni bati la nchi nzima, shemeji. Mali ni mti ulio hai. Mti ukifa, ile pesa imepotea, hata kama kiriba ni kizima."

Najua alitazama mistari yake iliyonyooka. "Kumbe mali ya serikali nimeifunga kwenye plastiki."

"Umeifunga, ukaizika, na maji ukaimwagilia. Sasa nenda kwa bibi misitu ukamwambie. Mficha uchi hazai."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari ngumu. Ofisini kulikuwa na ramani ya mlima ukutani, na chini yake mabuti yenye tope. Najua alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, sikuja mafunzoni. Nilipanda na viriba. Nilidhani najua, kumbe sikujua."

Bibi misitu hakucheka. "Kuna wengine wamekosea kama wewe," alisema, "lakini aliyekuja kuniambia ni wewe tu. Kesho asubuhi nitakuja."

Akaja kweli, na miche thelathini ya kujazia. Akawaonyesha: chana kiriba pembeni kwa wembe, kata mizizi iliyojikunja, usivunje udongo wake. Panda mche usawa wa ardhi, shindilia kwa kisigino. Plastiki yote kusanya, usiiache shambani. Na majani katikati ya mistari yaache yaote, yashike udongo.

Siku tatu familia nzima ilikuwa mlimani. Walipomaliza, Najua hakurudi nyumbani. Alitafuta wale wengine waliopanda na viriba, akawafundisha mmoja mmoja. Tanuri zake nazo akaanza kuzichoma kwa pumba za mpunga.

Mwaka ulipoisha, wakaguzi wa wizara walikuja. Walihesabu mche kwa mche, kutwa nzima, na watu wakiwafuata nyuma. Kwenye kipande cha mbele, miche mia moja tisini na mitatu ilikuwa hai, mingine imempita mtu kimo. Hakuna kipande kilichokishinda. Msimu ule tope lililofika uani lilikuwa dogo, na matofali hayakuguswa.

Mkaguzi mkuu alitoa mkataba, akauweka juu ya boneti ya gari.

"Mtatia sahihi hapa, baba na mama. Kipande hiki mnakitunza miaka ishirini na mitano."

Mabinti walikuwa mbele kabisa, vichwa juu, wakitazama kama wenzao wa shule wanaona. Najua alishika kalamu. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Miaka ishirini na mitano," alimwambia mkewe. "Nitakuwa mzee."

"Ndiyo," alisema mkewe. "Mzee mwenye msitu. Tia sahihi."