Picha Alizojiwekea Mwanamkasi

Simu ya Mwanamkasi ilianza kunukia udi. Si nyumba, simu. Alikuwa jikoni anakuna nazi, akaiinua aitazame, akaisogeza mbali, akairudisha puani, na hapana, huu ulikuwa udi, tena ule mzito wa kufukizia chumba cha bibi harusi. Nyumba yake ya Ngamiani haikuwa imefukizwa tangu mumewe, Badru, alipoongeza mke. Siku ile ile Mwanamkasi alisema yeye na udi basi, anayetaka kunukiwa akanukiwe huko alikooa. Akaifuta simu kwa upindo wa kanga, akaendelea kukuna.

Simu yenyewe ilikuwa ya siri na kazi yake ilikuwa moja, kumchungulia Nasra. Nasra ndiye mke mdogo, anakaa Chumbageni, anauza udi na singo za kusugulia maharusi, na kila siku hubandika picha kwenye stetasi yake ya wasapu. Namba ya mke mwenzie aliizuia isione, na hapo mimi simlaumu. Lakini Mwanamkasi naye si mtu wa kuachwa nje ya mlango. Alisajili laini nyingine, akajiita Mama Loveness wa Muheza, akaagiza singo ambayo hakuipaka hata kidoleni, na Nasra, masikini ya Mungu, akaihifadhi namba yake kama anavyohifadhi za wateja wake wote.

Basi kila alichoweka Nasra, Mwanamkasi akapiga skrinshoti. Pazia jipya, skrinshoti. Sahani ya biriani na mkono wa Badru pembeni, skrinshoti. Nasra kajipaka hina, kakaa kitandani, anatazama chini kwa haya ya kujitia, skrinshoti mbili. Za Nasra zilifutika kesho yake, ndivyo stetasi zilivyo. Za Mwanamkasi zilibaki. Akimaliza kula mchana hujilaza, anazipitia moja moja na kuliuliza dari: kwangu pazia liko wapi? Hina ile anampakia nani kama si mume wangu? Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, Badru awe wake peke yake kama zamani, na kila picha ilimwambia kwamba hilo halipo.

Baada ya harufu kikaja kikohozi. Jua la mchana limesimama, mtaa umetulia, mwanamume akakohoa chumbani, kikohozi cha mtu aliye kwake. Badru alikuwa kazini Horohoro, anakotoa mizigo ya watu forodhani. Mwanamkasi akaenda kwa kunyata, akachungulia, hakuona mtu. Ila godoro lilikuwa limebonyea upande wa Badru, na alipoweka kiganja akakuta joto. Alilitandika upya, akatoka, akashinda barazani mpaka jioni.

Zamu yake ilipofika, Badru alikuja. Mume huyu hulala siku mbili huku na mbili kule, hapunji mtu, hilo tumpe. Alikaa mkekani, akanawa, akamega tonge, kisha akaliacha. Akauliza nyumba inanukia mafuta ya nani. Mwanamkasi akasema hajui. Akauliza tena kwa sauti ya chini, maana mafuta yale yalikuwa ya kiume na hayakuwa yake. Magharibi ilipoadhiniwa alikwenda msikitini bila kula, na aliporudi akapita moja kwa moja kwenda chumbani kubadili kanzu, akasukuma mlango, na mlango ukarudishwa kutoka ndani, si kwa nguvu, kama anavyourudisha mtu anayevaa na hataki kuingiliwa, naye akadhani ni mkewe mpaka alipogeuka akamwona mkewe nyuma yake ameshika birika, na wote wawili, wamesimama ukumbini wanatazamana, wakasikia mwanamume anasafisha koo mle ndani na kusema kwa utulivu, kama mtu aliye chooni, kwamba pana mtu.

Badru aliupiga mlango bega. Chumba kilikuwa kitupu, dirisha lina nondo, kitanda kimetandikwa.

"Mwanamkasi," akasema, "sijui umemficha wapi. Ijumaa nawaita wazee wako. Uchukue talaka yako kwa heshima."

"Wallahi Badru, sina mtu."

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

Akaondoka, kanzu yake mkononi. Mwanamkasi alibaki ukumbini, hakuthubutu kuingia chumbani. Mkono wenyewe ukaitafuta ile simu, maana mtu na ulevi wake. Akafungua picha. Pazia limo, sahani imo, kitanda kimo. Nasra hayumo. Katika kila picha kaondolewa, mahali pake pako wazi, na kabla woga haujamfika, niwaambie ukweli, Mwanamkasi alifurahi. Kisha akaona kwamba mto alioegemea Nasra bado umebonyea, na kwamba pale palipobonyea panapanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyenyamaza anasikiliza, na alipoisogeza simu karibu na uso ili ahakikishe, kitanda cha chumbani kwake, nyuma ya mlango ulioachwa wazi, kikalia kama vile mtu amegeuka ubavu.

Asubuhi alikuwa Chumbageni. Kwenda kwa mke mwenzio kukiri kwamba wewe ndiye Mama Loveness, jamani, si jambo dogo, ila talaka ilimtisha zaidi. Nasra hakupiga kelele. Aliuliza kama picha ni nyingi, akaambiwa ni nyingi, akakaa chini. Kisha akampigia simu Bi Mwanasiti, mganga wake, aliyefika na chetezo na chupa ya marashi.

Mwanamkasi akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba bila kutazamwa. Ndipo akaelezwa. Nasra ana jini mahaba tangu usichana wake, jini mwenye wivu, hataki sura ya Nasra iwekwe na mtu. Hata ukutani hapakuwa na picha ya harusi. Kwa ajili ya biashara, Bi Mwanasiti alimwombea ruhusa aonekane kwa siku moja na kesho yake afutike. Jini akaridhia, na ahadi hiyo haikuvunjwa mpaka alipotokea Mwanamkasi.

"Wewe umemtunzia jini sura za Nasra wake ndani kwako," Bi Mwanasiti akanong'ona. "Kwao hao, anayekuwekea kilicho chako amekukaribisha. Zifute kwa mkono wako. Ukibakisha hata moja kwa kuipenda, ujue jini huyo si wa Nasra tena. Ni wako wewe."

Chetezo kikawekwa katikati, marashi yakanyunyizwa, Mwanamkasi akafuta. Picha moja ikiondoka, harufu kwenye simu inapungua. Nasra alikaa ubavuni pake akiyaona yote yanapita, mapazia yake, vyakula vyake, kitanda chake, na hakumtupia hata neno. Mwanamkasi aliona bora angetukanwa.

Ya mwisho ilikuwa video fupi aliyoirekodi kutoka kwenye stetasi. Badru yuko kwa Nasra anacheka, kichwa amekitupa nyuma, anajipiga goti, anavuta pumzi, kisha inakatika. Mwanamkasi alikuwa hajakiona kicheko kile tangu siku za uchumba wao. Nasra alikuwa ameinama anaongeza udi. Humu Nasra hayumo, Mwanamkasi akajiambia. Humu yumo mume wangu, jini ana haki gani na mume wangu? Akaizima simu.

"Zimekwisha?" Bi Mwanasiti akauliza.

"Zimekwisha, bibi."

Jioni ile Nasra alimweleza Badru kila kitu, akamtetea mke mwenzie kuliko alivyostahili. Badru akakubali. Wazee hawataitwa, akasema, na zamu ya Ngamiani ikifika atakwenda akitoka Horohoro.

Na zamu ilipofika alikuja mapema, alasiri, jua bado liko uani. Mwanamkasi alimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nyumba haikunukia kitu. Badru alikula mpaka akalamba vidole, akamsifia, kisha akamshika mkono na kumwambia kule Chumbageni harudi tena, amekuja kukaa. Mwanamkasi alilia kwa furaha. Akamtania kwamba leo kapotea njia, na Badru akatupa kichwa nyuma, akacheka, akajipiga goti.

Simu yake ya kila siku ikaita jikoni. Aliipokea huku anapangusa machozi.

"Mke wangu, niwie radhi," ilikuwa sauti ya Badru, na nyuma yake malori yanapiga honi. "Mizigo imekwama hapa Horohoro. Nitachelewa, lakini nakuja. Umenisikia?"

Kule ukumbini kicheko kilikatika baada ya pumzi, kikaanza tena, kile kile, kichwa nyuma, goti, pumzi, kikakatika, kikaanza. Mwanamkasi alichungulia mlangoni. Yule aliyeketi mkekani akamgeukia na kumtazama yeye tu, kama asiyejua kwamba duniani kuna mwanamke mwingine. Badru hajawahi kumtazama hivyo, hata siku ya ndoa.

"Usihangaike, mume wangu," akasema simuni kwa sauti ya chini. "Nenda kwa Nasra. Lala huko huko."

Akakata simu, akachukua upawa, akaenda kumwongeza wali.