Harufu Kwenye Shati la Bwana Chupa

Saa mbili kasorobo asubuhi, mlinzi wa kituo cha nne cha bomba la gesi alifunua mfuniko wa shimo la vali, akamwona Bwana Chupa amelala chali chini kabisa, macho wazi, kipimo chake cha gesi kifuani kimezimwa. Mlinzi alipiga yowe mpaka sauti ikamkauka.

Bwana Chupa ndilo jina walilompa mpima maji wa kampuni ya mazingira, maana hakuonekana bila kreti lake la chupa za kuchotea maji ya visima vilivyo karibu na bomba. Mtu mpole, lakini umwombe akufichie jambo, hapo mmekosana.

Walipomtoa, watu waliziba pua. Yai viza lina nafuu! "Gesi inavuja, jamani, kimbieni!" mlinzi alipiga kelele, na watu wakatimua mbio. Aliyebaki amemshika marehemu makwapani ni Fundi wa kituo cha mwisho, aliyekuja na gari la dharura. Hata pua hakuikunja. "Masikini ndugu yetu," alisema, "uzembe umemponza."

Mkaguzi wa usalama alilitia shati la marehemu ndani ya mfuko. Saa tatu polisi walikuwa wameshamtia pingu dereva wa Bwana Chupa, mdogo wa tumbo moja wa Mkaguzi huyo. Dereva na marehemu walikuwa wamegombana jana mbele za watu.

"Tuligombana kwa sababu nilichelewa kumfuata, dada, basi!" kijana alimwambia mbele ya Inspekta. "Saa kumi na moja jioni nilimshusha getini kituo cha mwisho. Sikumwona tena."

"Fundi anasema hakufika kwake," Inspekta alijibu. "Saa kumi huyu anapelekwa mahabusu ya mjini. Kama una neno, Mkaguzi, lilete kabla ya hapo."

Neno alikuwa nalo, ila halijakaa sawa. Gesi ikitoka ardhini haina harufu yoyote. Ile harufu mbaya ni dawa, hutiwa kituo cha mwisho kabla gesi haijaenda majumbani, ili mama aliye jikoni ajue ikivuja. Sasa kituo cha nne pananuka vipi? Ilimpasa ashuke shimoni ahakikishe kama vali inavuja kweli.

Sheria ya shimo ni moja: hushuki bila mtu wa juu kushika kamba. Wenzake wote waliangalia viatu vyao. "Nitakushikia mimi, dada yangu," alisema Fundi. "Kufa ni mara moja."

Saa saba na nusu aliinama kumfunga kamba kiunoni. Mkaguzi akapigwa na harufu ileile ya shati.

"Fundi, hapa hapanuki kidogo?"

"Pananuka nini? Hewa safi kabisa."

Loo! Mtu huyu anashinda na mapipa ya ile dawa mwaka wa tisa, pua yake imekufa ganzi. Lakini amwambie nini Inspekta? Kwamba mtu ananuka kazi yake? Inspekta alikuwa garini, hatua mia hivi, redio mkononi. Mkaguzi alikibana kwa siri kitufe cha redio yake kwa ukanda wa mpira, kila neno lisikike garini, akashuka. Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake, na mdogo wake alikuwa na saa mbili na nusu tu.

Chini hakukuwa na harufu. Kipimo kilisoma sifuri kwenye kila kiungo cha vali.

"Fundi! Hapa hapavuji. Bwana Chupa hakufia humu."

Kamba ikalegea. Kisha mfuniko ukaanza kuburuzwa, mwanga ukabaki uzi.

"Ungeyaacha, dada," sauti ilisema juu. "Mdogo wako angefungwa miaka michache, akatoka."

"Bwana Chupa alikukosea nini?"

"Mapipa yangu yanavuja miezi mitatu. Niliogopa kusema. Akaikuta dawa kwenye kisima cha zahanati. Nilimsihi anipe wiki moja, akakataa. Nikamfungia chumba cha mapipa apoe, tuzungumze. Nikaitwa kwenye mtambo, nikakaa saa nzima. Kurudi... sikukusudia, wallahi."

"Ukamleta huku, ukazima kipimo chake, ionekane kajiponza."

"Ningefanya nini? Na wewe nitakufanyaje sasa?"

Juu yake spana iligonga mpini wa kufungulia vali. Kipimo kilianza kulia, polepole, kisha mfululizo. Fundi alikuwa anamfungulia gesi! Mkaguzi alibana pumzi, akamwita kimoyomoyo mama yake marehemu. Halafu vishindo vya miguu, matusi, mwili kuanguka, na jua likammwagikia usoni.

Fundi alikuwa kifudifudi, goti la Inspekta mgongoni. "Umejuaje?" Fundi alimuuliza Mkaguzi. Mkaguzi alifungua ule mfuko wenye shati mbele ya pua yake. Inspekta aligeuza uso pembeni akitapika.

"Unasikia?"

Fundi alivuta pumzi, akavuta tena. "Nisikie nini?" Ndipo akaanza kulia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Saa kumi kasoro dakika tano walimfungulia dereva pingu. Alimkimbilia dada yake, akamkumbatia kwa nguvu, mara akajinasua na kuziba pua.

"Dada, mbona unanuka hivyo?"

Mkaguzi aliinua mkono wake ulioshika shati, akaunusa, akaunusa tena. Hakusikia kitu.