Niliweka Simu ya Marehemu Mwanangu Kwenye Mkeka wa Ukoo

"Mama, umemzika mwanao mara ya pili!"

Maneno hayo aliyasema Keji, mkwe wangu, mbele ya ukoo mzima... mbele ya wageni, mbele ya masufuria!

Keji huyu ambaye tangu aolewe hajawahi kuniinulia sauti. Siku hiyo alisimama wima, akaninyooshea kidole.

Na mimi? Niliangalia vidole vya miguu yangu. Alichosema kilikuwa kweli tupu.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, niwaelezee polepole. Shule yangu iliishia msingi, naandika kwa kidole kimoja. Mnivumilie.

Mimi ni wa Ombaci, hapa Arua. Mwanangu Acidri alikuwa dereva wa lori, anapeleka mizigo Koboko, anavuka mpaka hadi Yei, Sudan Kusini. Huko njiani ndiko alikompata Keji. Wakamzaa Scovia, ambaye hata meno ya utoto hajaanza kung'oka. Kisha figo zikamsumbua mwanangu, hospitali ikawa nyumba yake, na Mungu akamchukua.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga, ukoo unatandaza mkeka. Vitu vya marehemu vyote vinawekwa pale. Koti, kigoda, panga, redio. Wazee wanagawa, na anayeficha kitu anaonekana mwizi wa maiti.

Sasa, simu ya Acidri alikuwa nayo Keji.

Kila jioni tukishakula ugali wetu wa muhogo, Scovia alichomeka zile waya za masikioni, akafumba macho, akawa anatabasamu peke yake. Baba yake alimwachia hadithi humo ndani. Voisi, sauti yake mwenyewe!

Ninamwita (Dede kwetu ndiyo bibi), "Scovia, njoo Dede wako akupe hadithi."

"Ngoja Dede, Baba bado anaongea."

Jamani... mmewahi kumwonea wivu marehemu? Tena marehemu uliyemzaa mwenyewe?

Asubuhi ya mkeka, Keji alikuwa jikoni anapikia wageni. Niliingia chumbani kwake. Nikapeleka mkono chini ya mto. Nikaitoa ile simu, nikaifuta vumbi kwa kitenge changu kama mtu mwema, nikaenda kuilaza kati ya panga na redio.

Nilijiambia ni desturi. Desturi gani! Ulikuwa wivu uliovaa nguo za desturi.

Mzee Tahiru, shemeji yangu, ndiye aliyekuwa anagawa. Akaiinua, akampa Aliga, mdogo wa marehemu. Aliga bwana! Kwa furaha hata chakula hakungoja. Akapanda boda mpaka mjini kwa fundi simu, kwa sababu namba ya siri hakuijua. Fundi akaiflashi.

Alirudi nayo inang'aa, tupu kama sahani iliyooshwa.

Keji akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Aliga, hiyo simu ya nani?"

"Yangu, shemeji. Ukoo umenipa. Ilikuwa imefungwa, nimeifungua."

"Umeifungua au umeifuta?"



Mzee Tahiru akaingilia: "Wewe mama, tulia. Simu iko mali ya ukoo. Hata redio tumegawa, na nyimbo zake zimeenda nayo."

"Mzee, redio haina nyimbo ndani! Zinapita tu!"

Vijana wakaangua kicheko. Mzee akavimba.

"Na za simu zinakaa wapi? Tumboni?"

"Ndiyo, tumboni! Na nyinyi mmelipasua!"

Kicheko kikakatika.

"Nani aliitoa chini ya mto wangu?"

Tahiru akanitazama. Aliga akanitazama. Hapo ndipo kile kidole kiliponyooka, na yale maneno yakanishukia.

Scovia naye akaja, waya zinaning'inia shingoni.

"Dede... Baba amenyamaza?"

 

Keji aliingia ndani, akaanza kufunga mzigo.

"Nampeleka mtoto kwetu Ludara. Huko hakuna mtu ataingiza mkono kwa kitanda yangu."

Ninaanzaje kumzuia?

Sasa, kati ya wageni alikuwepo Lodu, dereva wa Koboko aliyekuwa rafiki wa Acidri. Akanisogelea taratibu.

"Mama, hizo hadithi za mtoto iko. Iko kwa grupu yetu."

"Grupu ipi?"

"Ya sisi tunakaa mbali na watoto. Madereva, watu wa kambi ya wakimbizi, mama wafanyabiashara wa Ariwara, kule Kongo. Mutu anarekodi hadithi, anatuma, wengine wanawekea watoto wao."

"Niitie mwenyekiti wenu, nimpigie magoti!"

"Mwenyekiti hakuna, Mama. Kila mutu iko admini."

"Kitu kisicho na mwenyewe kinalindwa na nani?"

"Kila mutu iko na yake kwa simu. Moja ikikufa, zingine zinabaki. Lakini utaomba mwenyewe, na sauti yako. Ndiyo kawaida yetu."

Akaniingiza kwa hii hii simu yangu ndogo. Akanionyesha pa kubonyeza. Ukoo mzima ulikuwa umenizunguka, na Keji amesimama mlangoni, begi begani.

Nikabonyeza.

"Mimi ni mama wa Acidri. Simu yake... imepotea kwa bahati mbaya. Naomba hadithi za mtoto."

Mnaona? Hata pale nilidanganya!

Mama mmoja wa Ariwara akajibu mara moja, kwa huruma kabisa: "Pole sana Mama yetu. Imeibiwa?"

Nikamtazama Keji. Alikuwa anangoja tu.

Nikabonyeza tena.

"Ndiyo, imeibiwa. Mwizi ni mimi."

Nikasema yote. Mto, mkeka, wivu. Watu nisiowajua, kutoka Koboko mpaka Kongo, wakanisikia nikilia kama mtoto.



Kisha simu ikalia. Ikalia tena. Mmoja wa Midia katuma, mmoja wa kambini, yule mama wa Ariwara naye. Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana!

Lodu akafungulia ya kwanza kwa sauti, bila waya. Acidri wangu huyo!

"Scovia, leo ni chura aliyeazima ngozi ya chui. Hii nilipewa na mama yangu, ananimenyea karanga huku anasimulia. Mwisho nimebadilisha kidogo, usimwambie!"

Nikashika kichwa.

Tukafungua nyingine. Yangu. Nyingine... yangu! Zote zilikuwa hadithi zangu! Hata ninavyokohoa kabla chui hajatokea, alikohoa vilevile.

"Dede, Baba anakuiga!" Scovia akaruka.

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nashindana na kinywa changu mwenyewe, na kwa ajili hiyo nikavunja chumba cha mjane.

Nikamgeukia Keji, nikadhani mambo yameisha.

"Mwanangu, zimerudi."

"Za mtoto zimerudi, Mama."

"Kulikuwa na nyingine?"

Akaweka begi chini. Aliongea polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Akiwa hospitali alinirekodia mimi maneno. Ya kuniaga. Nilikuwa nasikiliza kidogo kidogo, ili yasiishe haraka. Nilikuwa sijafika mwisho."

Nikamwangalia Lodu. Akatikisa kichwa. Hizo hazikutumwa kwa grupu. Zingetumwaje?

Aliga akamrudishia simu, macho chini. Keji akaipokea, akamshika mtoto mkono, wakaenda Ludara.

Wajukuu zangu, nisikieni. Mkitandaza mkeka, gaweni panga, gaweni koti. Simu iacheni kwanza kwa aliyelala karibu na marehemu, na muulizeni. Sauti za kuwafaa wengi, wapeni wengi mapema, mtu mmoja asizifungie. Lakini kuna maneno ya mtu mmoja tu, na hayo hata ukoo hauna haki nayo.

Nimeshaenda Ludara kumwona Keji. Nilitaka kuomba msamaha, nikashindwa kuanza. Ningesema nisamehe kwa lipi? Hata yeye hajui ni maneno gani niliyomnyima.