Kijiti cha Kulia

Kila jioni, nikishaosha mashine ya kusagia soya, binti yangu Qiaoyun alikuwa akifuta meza, anafungua kompyuta kuukuu ya shule na kushika rimoti yenye vijiti viwili. Kwenye kioo, droni ilipaa juu ya milima ya kuchorwa. Ikigonga mti, alibonyeza kitufe kimoja tu, ikawa nzima tena. Watoto wote wa klabu ya shule walijifunza hivyo kabla ya kukabidhiwa droni ya kweli.

Wenzake walitaka mashindano. Yeye alitaka kuvuka bonde. Mama yake amezikwa ng'ambo, na tulipomzika njia ilikuwepo. Kisha wakubwa wa wilaya wakaruhusu mlima uchimbwe mawe, mvua ikanyesha, njia ikaporomoka yote. Walikuja na viatu vyao safi, wakapigwa picha, wakatuwekea ua wa waya na kibao cha kusema hatari. Kama vile sisi hatuna macho. Tangu hapo, sikukuu ya kufagia makaburi ikifika, wenzetu hupanda mlimani na mafagio na madonge ya kijani ya mchele. Sisi husimama kwenye waya, tunachoma karatasi za sadaka kwa marehemu tukitazama ukungu.

Mwalimu Pang, msimamizi wa klabu, alimwahidi Qiaoyun kwamba akiweza kurusha kwa mkono, bila msaada wa kompyuta, siku ya sikukuu atairusha droni yenye kamera hadi kaburini ili tumwone mama.

Kurusha kuko kwa namna mbili. Ukiwasha msaada, ukaachia kijiti cha kulia, droni hujinyoosha yenyewe na kutulia. Kwa mkono haijinyooshi. Ukiiinamisha, itabaki imeinama hadi uinyooshe wewe. Droni ile ya kamera ilirushwa kwa mkono tu, msaada ulikuwa wa kompyuta ya mazoezi. Qiaoyun aliiangusha, akaiangusha tena. Zimo, mtoto wa jirani, akamcheka: "Dada, unarusha droni au unapanda viazi?"

Sikukuu ilipokaribia, akawasha msaada kimya kimya. Mwalimu alipomuuliza kama anarusha kwa mkono, akajibu ndiyo. Mimi maandishi ya kwenye kioo siyajui. Niliona tu haiangushi tena, nikajivunia.

Siku yenyewe tulisimama kwenye waya. Qiaoyun alivaa miwani ya kuonea picha za kamera, Mwalimu akanishikisha kioo kidogo kinachoonyesha kile anachokiona yeye. Droni ilipaa, ikainama mbele, ikaenda moja kwa moja juu ya bonde. Nikauona msonobari ulio jirani na kaburi. Hapo Qiaoyun akataka isimame tutazame, na vidole vyake vikafanya vilichozoeshwa: vikaachia kijiti cha kulia. Droni haikunyooka. Ilibaki imeinama, ikateremka mbio mawe yakiikaribia, kisha kioo kikawa cheusi.

Niliwaka. Nikamwambia Mwalimu kwamba shule imempa mwanangu droni mbovu, na kwamba wakubwa wangetengeneza njia, mtoto asingehitaji mabawa ili amwone mama yake. Qiaoyun alivua miwani, macho yamelowa.

"Baba, droni haikuwa mbovu," alisema. "Nilimdanganya Mwalimu. Nilikuwa nawasha msaada. Niliogopa sikukuu itapita tena bila kumwona mama."

Mwalimu Pang hakumkaripia. Alitazama tu kule bondeni. Ile droni aliiunda yeye na wanafunzi, kipande kwa kipande. Tulichoma karatasi zetu, tukarudi, na madonge yakakauka mezani bila mtu kuyagusa.

Tangu hapo Qiaoyun alibaki shuleni baada ya masomo, akimsaidia Mwalimu kulehemu nyaya za droni nyingine. Aliungua vidole. Jioni alirudi kwenye kompyuta, msaada umezimwa, akaiangusha droni mbele ya Zimo bila kuona haya.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa, Mwalimu alimpima mwenyewe, kisha tukarudi kwenye waya. Safari hii droni ilipofika msonobarini, Qiaoyun aliirudisha nyuma kwa kijiti, polepole, ikatulia. Jiwe la kaburi lilikuwa limeegama, majani yamemfunika mke wangu kama shamba lililotelekezwa. Hakuna mkono wa kuyang'oa. Nililia pale pale, na mwanangu chini ya miwani yake alikuwa analia pia, lakini vidole havikuteleza.

Droni iliporudi, Mwalimu alimwambia, "Ungeniambia ukweli tangu mwanzo, ningekuchelewesha tu. Nisingekunyima."

Njia haijatengenezwa hadi leo. Wakubwa wakiulizwa, hujibu kwamba kila kitu kiko tayari. Jioni ile, tukitembea kurudi nyumbani, nilimshika binti yangu bega.

"Mwanangu," nilimwambia, "wale husema tayari wakati hakuna kitu, na wewe ulisema tayari wakati hujaweza. Lakini wewe ulikiri, ukaanza upya. Baki hivyo hivyo. Usije ukafanana nao."