Miguu Iliyooshwa Mara Tatu

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapolainisha mashamba ya Pimpalwadi, wanafunzi wa shule ya kijiji hicho huweka vitabu kando kwa siku moja na kushika mafagio. Barabara ya mahujaji waendao kwa miguu hadi mji mtakatifu wa Pandharpur hupita mbele ya lango la shule, na tangu zamani imekuwa kazi ya watoto kuwaosha mahujaji hao miguu na kuwakanda kwa mafuta ya ufuta kabla hawajaendelea na safari. Siku hiyo Vaijayanti, msichana wa darasa la saba, aliamka alfajiri, akafagia ua, akachota maji kisimani na kukoka moto chini ya sufuria kubwa. Hakuhitaji kuhimizwa. Alikuwa amejifunza kukanda miguu kwa kumkanda bibi yake kila jioni, na Mwalimu Nalawade alikuwa amemwahidi nafasi ya mbele kabisa, karibu na lango, ambako wazee huketishwa.

Nafasi hiyo ilimponyoka kabla jua halijapanda. Bwana Jagtap, mwenye duka la mbolea, ambaye mwaka huo alikuwa akiwania uongozi wa kijiji, aliwasili na mabeseni mapya, taulo mpya, bango refu lenye sura yake, mpiga picha, na mpwa wake Ketaki aliyevalishwa sari ya hariri. Alimweleza mwalimu kwamba Ketaki ndiye atakayekaa mbele. Mwalimu alisita, akayatazama yale mabeseni, kisha akamwita Vaijayanti kando na kumwambia aende jikoni akapashe maji.

"Lakini Mwalimu, uliniahidi."

"Niliahidi. Sasa nenda jikoni."

Vaijayanti alikwenda kwa hasira. Alizisukuma kuni motoni kana kwamba ndizo zilizomkosea. Ketaki, aliwaza, hajawahi kuosha hata sahani aliyolia chakula, leo anapewa miguu ya wazee kwa sababu mjomba wake ana duka. Rafiki yake Sharayu, aliyekuwa akimenya vitunguu vya mboga ya mahujaji, alimtazama, akatikisa kichwa.

"Vaiju, punguza kuni. Ukiendelea hivyo utawapika watu wa Mungu badala ya kuwaosha."

Vaijayanti hakucheka. Alijiona amedhulumiwa, na kusema kweli alikuwa amedhulumiwa.

Haukupita muda, ngoma na matoazi vikasikika kutoka bondeni, na bendera za rangi ya zafarani zikachomoza juu ya mashamba ya miwa. Mahujaji wakaanza kuingia langoni, wake kwa waume, wameloa mvua, matope yamewafika magotini. Ketaki alipoiona miguu ya kwanza, ambayo ilikuwa na matope na mavi ya ng'ombe, alivuta mikono yake nyuma na kumnong'oneza mjomba wake kwamba yeye atamimina maji tu, mwingine na aishike. Bwana Jagtap akaagiza aitwe yule wa jikoni.

Vaijayanti alikuja mbio. Hasira ilimtoka mara moja, na mahali pake ikaingia fahari. Alipiga magoti mbele ya beseni, akajipangusa masizi usoni, akaona kamera imeelekezwa kwake.

Aliyekuwa ameketi pale alikuwa mjane aitwaye Gojarbai, ambaye alikuwa amesafiri majuma mengi akibeba kichwani mtungi mdogo uliopandwa mrehani mtakatifu. Sasa aliupakata mapajani kama mtoto mchanga. Alimwinamia Vaijayanti na kumwita Mauli, yaani mama, kwa kuwa mahujaji wa njia ile huitana hivyo wote, mkubwa kwa mdogo.

"Fanya upesi, Mauli. Kundi langu haliningoji."

Wakamwosha. Mpiga picha akasema bango halikuonekana. Wakamwosha tena, na safari hii Bwana Jagtap, aliyeinama kana kwamba ndiye anayeosha, alikuwa amefumba macho. Ikabidi warudie mara ya tatu, ili sari ya Ketaki ianguke vizuri. Gojarbai hakulalamika. Alikuwa akitazama barabarani, ambako bendera za kundi lake zilikuwa zikisogea. Ketaki alipomuuliza, kwa kuwa aliambiwa aonekane akizungumza, kama maji yana moto wa kutosha, alijibu kwa upole kwamba yeye hawezi kujua. Tangu ashikwe na kisukari, alisema, miguu yake ilikuwa imelala. Vaijayanti aliyasikia maneno hayo kwa masikio yote mawili. Akaitikia, "Ndiyo, Bibi," huku kidevu amekiinua na macho yake hayabanduki kwenye kamera.

Gojarbai alipoachiliwa alijitwisha mtungi wake na kuondoka kwa haraka. Vaijayanti alichukua taulo ili aikamue. Ilikuwa na damu. Akatazama ndani ya beseni, na maji yaliyobaki yalikuwa na wekundu ambao haukuwa wa udongo.

Alimkimbilia Mwalimu Nalawade, aliyekuwa akipangwa mstarini kwa ajili ya picha ya pamoja, akamwonyesha taulo. Mwalimu alikunja uso, akasema hema la matibabu liko mbele barabarani na bila shaka bibi yule atapita hapo. Bwana Jagtap naye akadakia kwamba mahujaji wote wana malengelenge, na kwamba mtoto yule ana mdomo mrefu kuliko umri wake.

Ndipo hasira ikamrudia Vaijayanti, lakini haikuwa ile ya jikoni.

"Hatapita hemani, Mwalimu, kwa sababu hajui kama anaumwa. Miguu yake haina hisia, alituambia mwenyewe. Tumemwosha mara tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeutazama mguu wake."

Mpiga picha alishusha kamera. Vaijayanti hakungoja jibu, alitoka langoni na kuanza kukimbia.

Aliwapita wapiga ngoma, wazee wenye mikongojo, na lori la maji lililonasa kwenye tope. Kila alipomwona mwanamke mwenye mtungi kichwani alimchungulia uso. Alimkuta Gojarbai mwishoni kabisa mwa kundi lake, peke yake, akijikaza kuwafikia wenzake, na nyuma yake kila unyayo wa kulia ulikuwa umeacha doa. Vaijayanti alimsihi akae. Gojarbai alikataa huku akicheka.

"Niache, Mauli. Leo nimeoshwa hadi nikadhani mimi ni nguo."

"Bibi, nakuomba. Mguu mmoja tu."

Pengine ilikuwa sauti yake, maana bibi yule aliketi juu ya jiwe. Vaijayanti alipiga magoti kwenye tope, akaunyanyua mguu wa kulia na kugeuza unyayo juu. Mwiba wa mgunga, mnene kama msumari, ulikuwa umezama kisiginoni. Nyama iliyouzunguka ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi. Haukuwa wa siku moja. Mtu yeyote ambaye angepitisha kidole pale kwa nia ya kusafisha angeugusa.

Alikuwa bado ameushikilia mguu ule pikipiki iliposimama kando yao. Mwalimu Nalawade alikuwa amemleta muuguzi kutoka hemani. Muuguzi aliutoa mwiba, akasafisha jeraha, akalifunga, kisha akasema bila kuficha kwamba mgonjwa wa kisukari akitembea na kidonda kama kile siku chache zaidi anaweza kukatwa mguu. Alimwamuru apande lori linalobeba mizigo ya kundi lake, na asikanyage chini hadi kidonda kifunge.

Hapo Gojarbai alilia kwa mara ya kwanza. Maisha yake yote, alisema, hajawahi kumwendea Bwana Vithoba, mungu wa Pandharpur, kwa gari. Mwalimu alichutama mbele yake na kumweleza kwamba Pandharpur ilikuwa bado mbali, kwamba akiutunza mguu sasa huenda akaitembea sehemu ya mwisho, lakini akiupoteza hataitembea kamwe. Bibi akaupakata mrehani wake, akanyoosha mkono ili asaidiwe kupanda pikipiki hadi kwenye lori.

Waliporudi shuleni, mwalimu alikwenda moja kwa moja kwenye bango na kulishusha. Bwana Jagtap akang'aka, akauliza kama anajua mabeseni yale ni ya nani.

"Ni yako, Bwana Jagtap," alijibu mwalimu. "Uyachukue. Tuna sufuria."

Akayachukua yote na kuondoka nayo. Ketaki peke yake alisita langoni, akakaza upindo wa sari yake ya hariri kiunoni na kwenda jikoni kuzileta sufuria. Hakuna aliyemtuma.

Vaijayanti alisimama akingoja kusifiwa. Mwalimu alimsogelea.

"Umefanya vema kukimbia. Lakini nijibu. Wakati mguu wa bibi ulipokuwa mikononi mwako, ulikuwa ukitazama wapi?"

Uso ulimwaka. "Kwenye kamera, Mwalimu."

"Na mimi nilikuwa nikitazama mabeseni. Kwa hiyo sisi wawili hatuna haki ya kumcheka Bwana Jagtap." Akawageukia wanafunzi wote, sauti yake imekuwa nzito. "Sikilizeni. Asubuhi Vaijayanti alikasirika kwa sababu alinyimwa nafasi. Alikuwa na haki, na kosa lilikuwa langu, lakini hasira ile ilikuwa ya kujitetea mwenyewe. Ya mchana ilikuwa ya kumtetea bibi wa watu, na ndiyo iliyouokoa mguu wake. Anayehudumu ili aonekane hamwoni anayemhudumia. Mkipiga magoti mbele ya mtu, mtazameni huyo tu. Mungu mnayemtafuta katika hija hii yupo hapo miguuni, wala hahitaji picha."

Mahujaji wengine walikuwa wameshaanza kuingia langoni. Vaijayanti alikwenda kwenye sufuria ya mwisho, mbali na lango, akapiga magoti mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akisinzia, akashika mguu wake na, kabla ya kumimina maji, akaugeuza unyayo juu.