Aliyebebwa Getini

"Usinisingizie mimi, dada! Nani aliyembeba? Si wewe?"

"Nilimbeba kwa sababu aliniomba. Mwanangu akiniomba nimkatae?"

"Tangu lini Chiriku akaomba kubebwa? Mtoto wa miaka saba, ukimshika mkono tu barabarani anakununia!"

Mshonaji alimgeuzia mdogo wake mgongo. Alijiziba pua kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye cherehani. Harufu ilitoka chumbani kwa mtoto, kama nyama iliyosahaulika ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Jana walikwenda wote watatu kwenye hifadhi ya msitu iliyo mwisho wa mji, kutazama maua ya porini. Chiriku alitangulia kwenye njia, mdomo haufungi, kila ua analipa jina lake. Kwenye kona yenye maua meupe wakampoteza machoni. Mama yake akaita. Akatokea polepole, mikono inaning'inia, kimya.

Getini kuna brashi ngumu iliyopigiliwa kwenye ubao, na kila anayetoka husugua nyayo zake hapo, asije akatoka na mbegu wala kitu kingine cha msitu. Mtoto alipoiona alirudi nyuma. Akanyoosha mikono na kusema neno moja tu, "Nibebe." Mwongoza wageni aliyepaswa kuisimamia brashi alikuwa anataniana na yule mdogo mtu, msusi mwenye maneno matamu, hakuona. Mama akapita na mzigo wake mgongoni.

"Na wewe ungenyamaza kidogo pale getini, mwongoza wageni angetuona," mshonaji alisema sasa kwa sauti ya chini.

"Haya, kosa langu. Lakini twende tukamwangalie."

Mtoto alikuwa ameketi kitandani, nzi wakitembea juu ya midomo yake naye hawafukuzi. Alipowaona alitapika ndani ya beseni. Yalitoka maua, meupe, yaliyotafunwa, yanateleza kama kamasi, na katikati yake funza wanene walikuwa wakijinyonganyonga. Kisha akaliinamia lile beseni, akayanywa yote tena taratibu, akalamba vidole kimoja kimoja.

Msusi alikimbilia nje, akatapika na yeye. Aliporudi alikuwa na mganga wa mtaa wa pili, mama mnene aliyekuwa bado anahema.

"Miguu yake ilisuguliwa?" mganga aliuliza akiwa bado kizingitini mwa chumba.

"Hapana, mama," mshonaji alinong'ona.

"Nipe brashi ya kufulia."

Alimkamata mtoto kifundo cha mguu, akaanza kusugua huku akisoma maneno yake kwa sauti ndogo, na ngozi ya unyayo ikabambuka kama ganda la ndizi iliyooza, na chini yake hapakuwa na damu wala nyama, ila majani meusi yaliyolowa, yameshindiliwa, yanapumua, na kila brashi ilipopita yalimwagika shukani kwa mafungu huku kile kitu kikicheka kwa sauti nyororo, kikimtazama mshonaji machoni kama mtoto anavyomtazama mama yake akiogeshwa.

"Usiku kucha nimelala nimekikumbatia," mshonaji alisema, akijifuta shavu kwa nguvu mpaka likawa jekundu. "Nimekibusu. Mama, mwanangu yuko wapi?"

"Mlimwacha. Ulipoita, akaitika huyu."

"Jini?"

"Usilitaje. Shika mguu wa pili."

Alishika. Vidole vyake vilizama mpaka kwenye kiganja, akahisi funza wakimpanda katikati ya vidole, lakini hakuachia, akasema moyoni kwamba hata kama angeambiwa ayale majani hayo angeyala, mradi arudishiwe mtoto wake. Brashi ilipopita mara ya mwisho kicheko kilikatika. Uso ukalainika, ukatiririka juu ya mto, na kitandani pakabaki uozo mtupu na nguo za Chiriku.

Mganga aliiweka brashi chini. Hapo mlango wa mbele ukagongwa, kidogo, chini karibu na sakafu.

Mshonaji alitoka mbio, mikono ikidondosha uchafu, akateleza, akaangukia magoti nyuma ya mlango.

"Nani?"

"Mama, mbona mlimbeba yule mkaniacha mimi?"